Kununua bastola na kuibeba Marekani: mwongozo kamili wa ukaguzi wa aina mbili

Mtu ananunua bastola dukani Louisville au Houston, ukaguzi unapita ndani ya dakika chache, naye anaona kazi imekwisha. Anaichomeka kiunoni, anavaa koti, anatoka. Katika majimbo mengine hilo ni halali kabisa. Katika mengine ameshavunja sheria kabla hajafika kwenye gari. Bastola ni ileile na mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni swali aliloulizwa. Dukani serikali iliuliza: je, huyu amekatazwa kumiliki silaha? Kibali cha kubeba kina swali lake: je, huyu tumwache atembee katikati ya watu akiwa na bastola iliyofichwa?

Maswali hayo yana sheria tofauti, ofisi tofauti na mwendo tofauti. La kwanza ni la serikali kuu ya Washington. Linajibiwa kwa jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa, na mara nyingi huisha ukiwa bado umesimama kwenye kaunta. La pili ni la jimbo, aghalabu liko mikononi mwa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, au polisi wa jimbo. Huchukua wiki kadhaa, na ukishapewa kibali linaendelea kukufuata miaka yote utakayokuwa nacho.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki mpangilio huu hutuchanganya, maana nyumbani kibali hutangulia silaha. Kenya hununui bunduki kabla ya Bodi ya Leseni za Silaha kukuchunguza na kukupa cheti. Marekani, katika majimbo mengi, unaingia dukani na leseni ya udereva na unatoka na bastola. Urahisi huo ndio unaowaponza wageni. Maoni yangu, nayasema mapema, ni kwamba kwa mtu ambaye bado si raia karatasi ya hatari si ombi la kibali kwa sherifu. Ni fomu ya dukani, ile inayojazwa haraka huku muuzaji akisubiri.

Simshawishi mtu anunue wala asinunue. Naeleza njia ilivyo kwa anayeifuata, nikichukua mifano zaidi Minnesota, Kentucky na Texas, ambako Waswahili tupo kwa wingi na ambako sheria zinatofautiana vya kutosha.

Anza na karatasi zako za uhamiaji, duka baadaye

Raia wa Marekani, wa kuzaliwa au wa kuapishwa, hana swali hapa. Mwenye ukazi wa kudumu, yaani Green Card, sheria ya serikali kuu inamruhusu kununua na kumiliki kama raia. Kwenye fomu ataandika uraia wake halisi, Kenya au Kongo, pamoja na namba yake ya uhamiaji, ile inayoanza na A.

Mwenye viza ya muda amekatazwa. Hapa yumo mwanafunzi wa F-1, mgeni wa B-2 na mfanyakazi wa H-1B. Na katazo halihusu kununua peke yake, linahusu kuwa na silaha. Kijana wa chuo anayepelekwa na rafiki zake kwenye uwanja wa shabaha siku ya Jumamosi, akaishika bastola ya kukodi na kupiga picha ya kutuma nyumbani, ameingia kwenye eneo la kosa la serikali kuu na picha yenyewe ndiyo ushahidi. Kuna milango michache ya halali, unaojulikana zaidi ukiwa leseni ya uwindaji iliyotolewa na jimbo na ambayo bado haijaisha muda. Usiutumie kwa kusikia kwa watu. Muulize wakili kwanza.

Aliyeingia bila ruhusa, au ambaye muda wake wa kukaa umekwisha, amekatazwa moja kwa moja. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mtu aliyekwisha kukubaliwa hifadhi hawamo kwenye kundi la viza za muda, kwa hiyo katazo la viza haliwagusi. Anayesubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi asikanyage dukani kabla ya kuzungumza na wakili wa uhamiaji.

Hapo ndipo tofauti ya yale maswali mawili inapojitokeza wazi. Minnesota kibali cha kubeba hupewa raia au mkazi wa kudumu tu. Mkimbizi ambaye bado hajapata Green Card anaweza kuwa halali kwa sheria ya umiliki na papo hapo asistahili kibali cha kubeba.

Kuhusu adhabu, elewa hili vizuri. Mwenye Green Card akitiwa hatiani kwa kosa la silaha, sheria ya uhamiaji inaruhusu afukuzwe nchini, hata kama hakufungwa, hata kama ameishi huku miaka 20 na watoto wake ni raia. Na anayejiandika raia wa Marekani ilhali siye, kwa haraka au kwa kudhani hakuna atakayeangalia, anaweza kujifungia mlango wa uraia maisha yake yote. Kesi ya silaha ikikukuta, usikubali makubaliano yoyote ya kukiri kosa kabla wakili wa uhamiaji hajayaona. Wakili wa jinai anaweza kukupigania usilale jela, na kwa makubaliano hayohayo akakupandisha ndege.

Ukaguzi wa kununua

Mwaka 1981 Rais Ronald Reagan alipigwa risasi nje ya hoteli mjini Washington. Msemaji wake, James Brady, alipigwa kichwani na akabaki na ulemavu hadi kufa kwake. Sheria iliyobeba jina lake ilitiwa saini na Bill Clinton tarehe 30 Novemba 1993, na miaka mitano kamili baadaye ukaanza mfumo wa kukagua rekodi papo hapo unaojulikana kwa herufi NICS. Unaendeshwa na FBI kutoka Clarksburg, West Virginia. Hufanya kazi saa 17 kwa siku, siku zote isipokuwa Krismasi. Majimbo kadhaa, kama California, Pennsylvania na Virginia, hupitisha maombi kwanza kwenye ofisi zao wenyewe, lakini kwako mnunuzi uzoefu ni uleule: unajaza, unasubiri, unajibiwa.

Hatua ya kwanza ni umri na makazi. Kwa sheria ya serikali kuu, muuzaji mwenye leseni haruhusiwi kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21. Kuna kesi mahakamani zinazoupinga umri huo, ila kaunta bado itakuuliza 21. Bastola hununuliwa katika jimbo unaloishi. Ukiishi Indiana na ukaipenda iliyo Kentucky, duka la Kentucky litaituma kwa duka lenye leseni huko Indiana, na ukaguzi utafanyika huko.

Hatua ya pili ni kitambulisho. Kinatakiwa kiwe cha serikali, chenye picha, jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani ya mahali unapolala leo. Sanduku la posta halikubaliki. Sisi watu wa kuhamahama, leo kwa binamu, mwezi ujao nyumba ya kupanga ng'ambo ya mji, ndipo tunapokwama. Kama leseni yako ya udereva bado ina anwani ya zamani, nenda na hati nyingine ya serikali yenye anwani mpya, kwa mfano usajili wa gari, au badilisha leseni kwanza. Kuandika anwani ya zamani ili kurahisisha mambo ni kusema uongo kwenye fomu ya serikali kuu.

Hatua ya tatu ni ile fomu ya dukani yenyewe, iitwayo Fomu 4473. Unaijaza mwenyewe, dukani, na unatia saini kwamba yote ni kweli. Uongo humo ni jinai kubwa ya kufungwa miaka. Maswali yake ni ya ndiyo au hapana, na mengi ni mepesi kwa mtu wa kawaida: kama unatafutwa na mahakama, kama uliwahi kufukuzwa jeshini kwa fedheha, kama mahakama iliwahi kuamua huna uwezo wa kiakili au ulilazwa kwa nguvu hospitali ya akili. Matatu yanahitaji kusomwa polepole.

La kwanza ni la hatia. Fomu haiulizi ulifungwa muda gani. Inauliza kama ulitiwa hatiani kwa jinai ambayo jaji angeweza kukufunga zaidi ya mwaka mmoja. Uliyepewa adhabu ya kuangaliwa tu na afisa wa mahakama, ukarudi nyumbani siku hiyohiyo, unaweza kuwa na jibu la ndiyo. Kesi yako ikiwa imefunguliwa rasmi kwa kosa la namna hiyo na haijaamuliwa, nayo inakuzuia kununua.

La pili ni ugomvi wa nyumbani. Tangu 1996, hatia ya kosa dogo la kumpiga mwenza hukuondolea haki ya silaha. Nasisitiza kosa dogo. Katika jamii zetu kesi hizi huanza na jirani kupiga simu polisi usiku, zikaisha wiki chache baadaye kwa mume kukiri kosa dogo ili arudi kazini. Karatasi ile aliyotia saini huku akiwaza zamu yake ya asubuhi ndiyo inayomsubiri kwenye kompyuta ya FBI. Amri ya mahakama ya kumkataza mtu kumsogelea mwenza wake nayo inaweza kuzuia, na Mahakama Kuu ya Marekani ililikubali katazo hilo mwaka 2024 katika kesi ya Rahimi.

La tatu ni la kutumia bangi au dawa nyingine za kulevya. Minnesota iliihalalisha kwa watu wazima tangu Agosti 2023, na duka la bangi laweza kuwa mtaa mmoja na duka la silaha. Fomu 4473 ina onyo lililoandikwa wazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi sheria ya serikali kuu. Swali hili la dawa za kulevya ndilo lililomtia hatiani Hunter Biden mwaka 2024 kwa bastola aliyonunua Delaware mwaka 2018. Alisamehewa baadaye, lakini aliyemsamehe alikuwa rais na ni baba yake.

Hatua ya nne muuzaji hutuma taarifa zako, kwa simu au kwa kompyuta. FBI hutafuta jina lako kwenye hazina tatu: ya watu wanaotafutwa na amri za mahakama, ya rekodi za uhalifu za majimbo, na ya watu waliokatazwa kwa sababu nyingine, ikiwemo uhamiaji. Alama za vidole hazimo. Jibu huwa mojawapo ya matatu: endelea, subiri, au umekataliwa.

Ukiambiwa subiri

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu jambo hili linatugusa kuliko wenyeji. Ukaguzi ni wa jina na tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi waliotoka kambini bila cheti cha kuzaliwa waliandikiwa tarehe 1 Januari. Sasa chukua Hassan Mohamed wa 1 Januari, umtafute kwenye kompyuta za nchi yenye watu zaidi ya milioni 300. Watatokea wengi, na mmoja wao akiwa na kesi, Hassan wetu ataambiwa asubiri, wakati mwingine atakataliwa. Majina yetu pia hubadilika mpangilio: la babu huwa la ukoo kwenye Green Card, halafu la baba huwa la ukoo kwenye leseni ya udereva.

Dawa ya kwanza ni kuandika namba yako ya Hifadhi ya Jamii (Social Security). Kwenye fomu kisanduku hicho ni hiari, na wengi hukiruka wakidhani wanajilinda. Kwa mwenye jina la watu wengi ndicho kinachomtenganisha na wengine. Dawa ya pili, kama kusubiri kunajirudia kila ununuzi, ni kuomba FBI wakuweke kwenye jalada lao la hiari. Unatuma maombi pamoja na alama zako za vidole, na ukikubaliwa unapewa namba ya kipekee ambayo utaiandika kwenye fomu kila unaponunua.

Kwa sheria ya serikali kuu, siku tatu za kazi zikipita bila jibu la mwisho, muuzaji anaruhusiwa kukupa silaha. Anaruhusiwa, halazimishwi. Maduka mengi hayafanyi hivyo, na sababu moja ni Charleston, South Carolina. Juni 2015 kijana aliyewaua watu tisa kanisani alikuwa amepata bastola yake kwa njia hiyo: jibu lilichelewa, siku zikapita, akauziwa. Kwa hiyo usigombane na muuzaji anayekwambia atasubiri jibu kamili. Majimbo mengine yana muda wao wa lazima. California ni siku 10 kwa kila mtu.

Ukikataliwa, kosa kubwa unaloweza kufanya ni kutoka hapo ukaenda duka la pili kujaribu bahati. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2022, FBI huwaarifu polisi wa jimbo au wa eneo ndani ya saa 24 mtu anapokataliwa. Muombe muuzaji namba ya muamala huo, kisha waandikie FBI kuuliza sababu na kukata rufaa. Mara nyingi utatakiwa alama za vidole ili ithibitike kama rekodi ni yako. Kama ni yako kweli, simama hapo na utafute wakili.

Ukikubaliwa, FBI inatakiwa ifute taarifa zako ndani ya saa 24. Fomu yenyewe hubaki kwa mwenye duka. Hakuna atakayekukagua tena kwa sababu ya ununuzi ule. Ni kama ulipigwa picha moja siku moja, basi.

"Ninunulie na mimi"

Swali la kwanza kabisa la kisheria kwenye Fomu 4473 ni kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Kwetu kununuliana vitu ni jambo la kawaida. Mwenye kadi nzuri anamkopea asiye nayo, mwenye gari anambebea jirani. Kwa bastola desturi hiyo ni jinai.

Bruce Abramski alikuwa askari polisi wa zamani huko Virginia. Mjomba wake wa Pennsylvania alitaka bastola ya Glock 19, na Abramski alijua duka linalowapunguzia bei askari. Mjomba akamtumia hundi ya dola 400. Abramski akanunua, akajibu kwenye fomu kuwa yeye ndiye mnunuzi halisi, kisha akamkabidhi mjomba kupitia duka lenye leseni, na mjomba naye akakaguliwa akapita. Wote wawili walikuwa halali kumiliki silaha. Alishtakiwa, akatiwa hatiani, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaithibitisha hatia hiyo kwa kura tano dhidi ya nne.

Kama hayo yalimpata askari aliyempunguzia mjomba bei, fikiria shemeji anayemnunulia mwenye viza ya mwanafunzi. Zawadi ya kweli, kwa pesa yako mwenyewe, kwa mtu asiyekatazwa, inaruhusiwa. Pesa ikishatoka kwake, si zawadi tena.

Mauziano ya mtu na mtu bila duka ni habari nyingine. Serikali kuu haimlazimishi muuzaji wa kawaida kufanya ukaguzi, lakini majimbo kadhaa yanalazimisha. Minnesota tangu 1 Agosti 2023 mauziano ya bastola hupitia dukani, au muuzaji huangalia kibali cha mnunuzi na wote hutunza kumbukumbu kwa miaka 10. Ushauri wangu ni upitie dukani hata pale usipolazimishwa.

Kibali cha kununua si kibali cha kubeba

Minnesota ina karatasi inayowachanganya watu: kibali cha kununua. Unakiomba kwa mkuu wa polisi wa mji wako, au kwa sherifu kama mji hauna polisi. Hakilipiwi, uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 30, na kinadumu mwaka mmoja. Kinakuruhusu ununue bastola. Hakikuruhusu utembee nayo mjini, na hakikuondolei Fomu 4473. Kibali cha kubeba, kwa upande wake, hutumika pia kama cha kununua. Anayejua kwamba atataka vyote viwili anaweza kuanzia huko.

Kibali cha kubeba, hatua kwa hatua

Zamani majimbo kama New York yalimtaka mwombaji aeleze sababu ya pekee ya kuhitaji bastola, na ofisa akaamua kama sababu inatosha. Tarehe 23 Juni 2022, katika kesi ya Bruen, Mahakama Kuu ilisema hilo linavunja Katiba. Tangu hapo anayetimiza masharti yaliyoandikwa hupewa. Masharti ndiyo yanayotofautiana: New York wanadai saa 16 za darasani na saa 2 za kulenga shabaha, Texas darasa ni la saa 4 hadi 6.

Minnesota unaanza na mafunzo. Yawe yamefanyika ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, kwa mkufunzi anayetambulika, na lazima ufyatue risasi za kweli. Darasa lisilokupeleka uwanjani halifai, hata kama tangazo lake ni la bei chee. Sehemu ya sheria ndiyo ya kusikiliza zaidi: lini nguvu ya kuua inaruhusiwa, na lini unapaswa kuondoka. Kiingereza cha sheria kikikutatiza, mwambie mkufunzi mapema, wala usione haya kumrudisha nyuma.

Kisha unakwenda mwenyewe kwa sherifu wa kaunti unayoishi, na fomu ya jimbo, cheti cha mafunzo na kitambulisho. Ada ya mara ya kwanza haizidi dola 100, na ya kuhuisha haizidi 75. Sherifu ana siku 30. Anaangalia zile rekodi za FBI, lakini haishii hapo: anaangalia rekodi za mahakama na polisi za jimbo, na sheria inampa nafasi ya kukataa kama kuna uwezekano mkubwa kwamba utajidhuru au utadhuru watu. Kaunta ya dukani haina nafasi hiyo. Matukio ambayo hayakuwahi kuwa hatia, polisi kuitwa kwako mara kwa mara kwa mfano, dukani hayaonekani na kwa sherifu yanaweza kuonekana. Akikataa, lazima aeleze sababu kwa maandishi, na unaweza kwenda mahakamani.

Texas ombi hupelekwa kwenye idara ya usalama wa umma ya jimbo, ada ni dola 40, na hapo alama zako za vidole huchukuliwa. Kwa mwenye jina la watu wengi hilo ni jambo jema, maana vidole havifanani kama majina.

Na ukaguzi hauishii siku ya kupewa. Minnesota sherifu hukagua wenye vibali angalau mara moja kila mwaka katika miaka mitano ambayo kibali hudumu. Kentucky hukagua kila mwezi. Ukihama, Minnesota una siku 30 za kumwarifu sherifu.

Majimbo yasiyodai kibali

Hadi 2024 majimbo 29 yalikuwa yameacha kudai kibali cha kubeba. Kentucky iliacha mwaka 2019, Texas Septemba 2021. Wengi husikia hivyo wakasema basi, kibali cha nini? Wanasahau shule. Sheria ya serikali kuu inakataza kuwa na bunduki ndani ya futi 1,000, takriban mita 300, kutoka kwenye eneo la shule, na mmoja wa wanaosamehewa ni mwenye leseni iliyotolewa na jimbo hilo. Asiye na kibali, hata jimbo likimruhusu kubeba, hana msamaha huo. Piga duara la mita 300 kuzunguka kila shule ya Houston kwenye ramani ya simu, kisha uangalie kama unaweza kufika kazini bila kukatiza hata moja.

Kuna faida nyingine. Texas na Kentucky, mwenye kibali anapojaza Fomu 4473 dukani, muuzaji halazimiki kupiga simu NICS, kwa kuwa kibali kinachukuliwa kuwa ukaguzi uliokwisha kufanyika. Kinyume chake hakipo popote: kupita NICS mara 10 hakukupi kibali.

Kibali hakifungui kila mlango. Posta, ikiwemo sehemu yake ya kuegesha magari, ni marufuku. Vivyo hivyo majengo ya serikali kuu na upande wa ndani wa uwanja wa ndege baada ya ukaguzi. Minnesota duka lililobandika tangazo linaweza kukutaka utoke, na kubeba ukiwa na kilevi cha 0.04 au zaidi kwenye damu ni kosa, nusu ya kiwango cha dereva.

Polisi wakikusimamisha

Sheria hutofautiana. Texas, mwenye kibali aliyebeba bastola hutakiwa kukionyesha pamoja na kitambulisho afisa anapodai kitambulisho. Minnesota unajibu ukiulizwa. Lakini haya yasisomwe bila kumtaja Philando Castile. Alikuwa msimamizi wa chakula katika shule mjini St. Paul, Mmarekani mweusi, mwenye kibali halali. Tarehe 6 Julai 2016 alisimamishwa barabarani Falcon Heights, akiwa na mpenzi wake na mtoto wa miaka minne ndani ya gari. Akamwambia afisa, kwa adabu, kwamba ana silaha. Sekunde chache baadaye alikuwa amepigwa risasi. Alikufa. Afisa alishtakiwa, na mwaka 2017 baraza la mahakama likamwona hana hatia.

Kibali chake kilikuwa sawa kabisa. Sina hatua ya uhakika ya kuandika hapa. Ninachowaambia watu wangu ni hiki: washa taa ya ndani, weka mikono yote miwili juu ya usukani, na usiguse mfuko wala droo ya gari ukiwa unazungumza habari ya silaha. Sema una kibali, sema bastola iko wapi, kisha uliza afisa anataka ufanye nini, na umngoje akuelekeze. Usiweke pochi upande mmoja na bastola. Hilo la pochi ni dogo, linafanyika nyumbani kabla ya kuondoka.

Ukivuka mpaka wa jimbo, au ukienda nyumbani

Leseni ya udereva ya Minnesota inafanya kazi majimbo yote. Kibali cha bastola hakifanyi. Illinois, ambayo wengi huipita wakienda harusi Chicago au Indiana, haitambui vibali vya majimbo mengine kama inavyotambua chake, na New York haivitambui. Kabla ya safari soma tovuti ya polisi wa kila jimbo utakalopita. Pale usipotambuliwa, sheria ya serikali kuu ya 1986 inakulinda ukiwa unapita tu, kutoka mahali pa halali hadi mahali pa halali, bastola ikiwa haina risasi na imefungiwa mahali usipoweza kuifikia ukiwa kwenye kiti. Kulala siku tatu kwa rafiki si kupita.

Kwa ndege za ndani, bastola huwekwa bila risasi kwenye sanduku gumu lenye kufuli, hutangazwa kwenye kaunta ya shirika la ndege, na husafiri na mizigo ya chini. Kwenda Nairobi, Dar es Salaam au Bujumbura ni jambo jingine kabisa: Marekani ina taratibu zake za kutoa silaha nchini, na unakofika wanadai kibali chao kabla hujatua. Risasi nazo zinahesabiwa. Begi unalobebea vifaa vya uwanja wa shabaha huwa na mifuko ya pembeni ambayo risasi moja hujificha usiione, lakini mashine ya uwanja wa ndege ikaiona. Kwa safari ya nyumbani tumia begi jingine.